Mjerumani wa Elius

Mtaa wa Ramadhani,
Njombe.
Jumapili, mwezi wa saba.

Mpendwa dada yangu Dorosela, Mama Vitus,

Kamwene! Na kwa kuwa ninyi watu wa ziwani mnaicheka kamwene yetu, nakuongezea Tumsifu Yesu Kristo ya kwenu na Bwana Yesu asifiwe ya kwetu, ili pasiwe na kanisa la kunilaumu. Goti lako linaendeleaje, lile lililokusumbua ulipokuja kututembelea ukasema milima ya Njombe imeumbwa kwa ajili ya mbuzi? Baba Vitus hajambo na nyavu zake? Binti yenu Conjesta amejifungua? Kama ni mtoto wa kike, sitasema aitwe nani, ila jina langu unalijua. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi. Asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa sembe, na mimi navaa sweta mbili na kanga tatu kama gunia la viazi linalokwenda Dar. Ule usipa, dagaa wa ziwa lenu, uliotutumia tumeula wote, na paka wetu bado anamkagua kila mgeni mkononi.

Salamu zako alizozileta dereva wa gari la Ludewa zilinifikia. Alisema ulimpa neno moja tu aniulize: Vitus amewakosea nini mpaka arudi nyumbani na begi lake, akae kimya, asitake hata kulisikia jina la Makambako? Dada, dereva alisimama pale getini akingoja jibu, na mimi nikamwambia nitaandika. Nilimdanganya, maana nilikuwa sijakusudia kuandika. Leo ndiyo naandika. Ningepiga simu, lakini mdomo wangu kwenye simu naujua: nikianza tu najisifu, salio linakata, na lililonifanya nipige linabaki tumboni.

Niruhusu basi nianze na lililo rahisi kwangu. Duka la watoto wetu pale Makambako lilikuwa limeshika, Mama Vitus. Wewe uliliona likiwa meza moja na mashine moja ya kuchapa. Baadaye walikuwa na mashine tatu na kiti cha wateja chenye mto. Watu walitoka vijijini kote kuja kujaziwa maombi ya vyuo na ya mikopo. Vitus wako anafungua kompyuta iliyokufa, anaipuliza vumbi, inaamka. Elius wangu anaongea na watu, na kwa kuongea yule hana mpinzani, amenirithi mimi: mtu anakuja kutoa kopi ya cheti kimoja, anaondoka amelaminisha vyeti vya ukoo mzima. Kibao cha mlangoni kiliandikwa majina yao yote mawili kwa rangi ya bluu. Mimi niliyeishia darasa la saba, nikipita pale na kikapu changu naamkiwa na vijana wenye digrii. Nilikuwa natembea polepole makusudi ili waniamkie wote.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali, waliingia dukani watu wawili wenye makoti. Walitaja ofisi yao, ambayo sitaiandika humu kwa sababu hawakutukosea. Walikuwa na adabu, walikubali hata chai. Walimuuliza Elius kama ana ndege. Elius akawajibu kwamba hana hata baiskeli. Wakamuuliza kama anatengeneza droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani, ya kumwagilia dawa mashambani, na kama anajua kwamba chombo kile hakirushwi bila kibali. Mwishoni wakamuuliza habari za Mjerumani anayemtumia vifaa: anaitwa nani, anakaa wapi, na kwa nini vifaa vinakuja kwa siri. Elius akaapa kwamba hamjui Mjerumani yeyote, na wa mwisho aliyemsikia ni yule wa kwenye historia ya shule. Wakachukua kompyuta yake wakaitazame. Waliirudisha bila mkwaruzo, wakashukuru kwa chai. Lakini Makambako unaijua. Kompyuta ikitoka dukani mikononi mwa watu wa ofisi, hata ikirudi nzima, wateja hawarudi nayo.

Kilichomtisha Elius si kuulizwa. Ni kwamba droni alikuwa ameiwaza kweli, lakini hakununua hata skrubu moja. Wazo lile alimwambia Vitus peke yake, na mengine alikuwa anayaandika kwenye simu, pale unapouliza neno na mtandao unakuletea majibu, wenyewe wanasema kugugo. Basi akakata shauri kwamba serikali inasoma kila anachokitafuta. Akaacha kutafuta chochote. Mteja akija kutaka fomu ya chuo, Elius anamtazama usoni kwanza kama mpelelezi anayemtazama mpelelezi mwenzake. Ilifika mahali akawa anafunika simu kwa bakuli akitaka kuniambia jambo, tena jambo lenyewe ni kwamba chumvi imeisha.

Ushahidi alikuwa nao mwingi, na alikuwa anaumwaga mezani kwangu kila akija Njombe. Alisema tangu atafute habari za droni, matangazo ya mabomba na matangi ya maji yanamfuata kila anapofungua simu. Alisema simu yake inapata moto hata ikiwa imelala. Alisema kuna ujumbe umezunguka kwenye magrupu, unaoeleza kwamba kuna chumba chenye mitambo ambacho kila neno unaloliandika linapita na kuwekwa kwenye faili lako, na kwamba mwalimu mmoja alitafuta bei ya baruti ya kupasulia mawe akafuatwa kabla jiko halijapoa. Na juu ya yote hayo, watu wawili wenye makoti walikuja kweli na wakataja droni kweli. Mimi nilikuwa natikisa kichwa na kusema Mungu wangu, na kumwongezea viazi kwenye sahani.

Vitus hakutikisa kichwa. Dada, mtoto wako ana akili ya kutulia, sijui aliitoa kwa nani kati yenu. Alikuwa anakiokota kila kitu alichomwaga mwenzake na kukigeuza. Alisema matangazo ni ya wafanyabiashara, wanaofuata macho ya mnunuzi kama wachuuzi wa stendi wanavyofuata dirisha la basi. Hilo nalo ni kufuatiliwa, tena halipendezi, ila si serikali. Simu kupata moto, alisema, ni kwa sababu ni kuukuu na Elius anaangalia mpira humo siku nzima. Kuhusu ule ujumbe akauliza mwalimu yule ni wa shule gani, mji gani, mwaka gani, na nani alimwona. Akasema habari isiyo na mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama, kila mtu anaweza kumdai.

Wala usidhani alikuwa anaitetea serikali. Alisema wazi kwamba zipo serikali duniani zilizosoma mambo ya raia wake, na nyaraka zikatoka zikathibitisha, na kwamba uwezo wa kuyaomba makampuni yatoe habari za mtu upo. Hakusema haiwezekani. Alisema kuweza ni jambo moja, kufanya ni la pili, na kukufanyia wewe Elius wa Makambako ni la tatu, na kila moja linataka ushahidi wake. Mimi nauza viazi, dada, nikamwelewa upesi. Ni lumbesa. Gunia lenyewe lipo, viazi vimo, lakini juu yake wameshonea kofia mpaka gunia linakuwa refu kuliko mbebaji. Vitus alikuwa anataka kujua gunia linaishia wapi na kofia inaanzia wapi.

Walifanya hata jaribio. Vitus alimshauri Elius atafute makusudi jambo la kutisha zaidi ya droni. Wakaandika namna ya kurusha roketi kutoka Makambako hadi mwezini. Wakakaa wanangoja. Hakuja mtu, ila tangazo la mitungi ya gesi. Walicheka siku ile, na mimi nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Siku nyingine walikuwa jikoni kwangu wote wawili, mimi namenya viazi, na Vitus akasema amepata jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao muda wote. Ni Mjerumani. Akamuuliza Elius kama aliwahi kutafuta Mjerumani yeyote mtandaoni. Elius akasema hapana. Kama aliwahi kumwandikia yeyote. Hapana. Basi Vitus akasema, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta, kwamba mtambo unaosoma maandishi unasoma kilichoandikwa. Mjerumani hakuandikwa popote. Kwa hiyo wale watu hawakusoma kitu kwenye mtandao. Waliambiwa na mtu mwenye mdomo, na mtu huyo aliongeza.

Kisu kilinikata kidole. Hakuna aliyeona.

Elius akauliza kwa sauti ya chini ni mtu gani, ikiwa habari ya droni alimwambia binadamu mmoja tu.

Mama Vitus, nakuomba ukae chini kama umesimama. Mtoto wako alijisogezea kamba mwenyewe kwa kusema kweli. Alimwambia Elius kwamba hakumwambia mtu, na Elius akasema hesabu aliyoifanya Vitus mwenyewe haina jibu jingine. Akamwita msaliti. Akamwambia maneno ya wivu, kwamba alitaka duka libaki la kwake. Vitus hakurudisha hata moja. Alinigeukia mimi. Alisema, Mama, wewe unatujua sote, nisaidie. Miaka yote aliyokaa chini ya paa langu akisoma ufundi hakuwahi kuniomba chochote, hata chumvi alikuwa anasema kama ipo. Na mimi nikainuka nikasema moto unazimika, nikaenda kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Alipanda gari kesho yake. Elius amepaka rangi juu ya jina la Vitus kwenye kibao, lakini rangi ni nyepesi, na bluu inaonekana kwa chini.

Sasa nafika kwenye lenyewe.

Unakumbuka ile simu kubwa aliyoninunulia Elius, niliyokuonyesha ukachoka kuonyeshwa? Mimi barua pepe sina. Kwa hiyo Elius alipoiwasha aliiwekea jina lake na neno lake la siri, akanifundisha kufungua nyimbo, akasahau. Siku moja nikagusa pale pa kutafutia ili nione bei ya viazi, nikakuta orodha. Kila alichokitafuta mwanangu kule Makambako kilikuwa kinanijia mimi hapa Ramadhani. Nilipaswa kufunga na kumwambia. Badala yake nilivaa miwani. Nikawa nafungua kila jioni kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Aliyekuwa anasoma anachokitafuta Elius kwenye mtandao, dada yangu, ni mama yake mzazi.

Nikaona mle bei ya droni ya kunyunyizia dawa viazi, na picha, na namna inavyoruka. Moyo ukavimba. Alhamisi jioni nikaenda jumuiya, ilikuwa zamu ya kusali kwa Mama Judith, na ulipofika wakati wa kutoa mahitaji ya maombi nikasimama. Wenzangu waliombea miguu, waliombea ada za watoto. Mimi nikaomba waniombee mwanangu anayejenga ndege. Niliona macho yao yanavyofunguka, nikashindwa kukaa. Nikasema itaruka juu ya mashamba yote ya Njombe. Bado wananitazama. Nikasema yuko Mjerumani, mtu mkubwa kwao, anamtumia vifaa kimyakimya kwa sababu amekubali akili ya mtoto. Sijui Mjerumani alitoka wapi. Alitoka mdomoni akiwa tayari amevaa kofia. Mzee Filemoni, kiongozi wetu, akamweka kwenye sala ya kufunga, akamwombea afya njema na safari salama.

Na Jumapili yake, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, niligombea jogoo mmoja na mke wa mwalimu, na Yusto anayenadisha akapaza sauti mbele ya uwanja mzima kwamba mama mwenye ndege hashindwi na jogoo, Mjerumani yupo. Watu wakapiga vigelegele. Nikampata jogoo. Uwanja ule una watu wa kila ofisi, na mtu akisikia ndege na Mjerumani na siri, ataacha kuuliza? Nani alipeleka habari sijui na sitafuti. Alipeleka nilichokitoa mimi.

Basi ulipoliona jina la Mjerumani kwenye barua hii ukashangaa, mimi nililijua tangu siku ile ya makoti. Elius aliponisimulia swali lao la mwisho, nilijua. Na nilimwacha aiogope serikali, kwa sababu kuiogopa serikali kulikuwa hakuniaibishi mimi. Kisha nikamwacha amchukie Vitus. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Kuna jambo moja bado. Kwenye ile orodha, chini kidogo ya ile droni, palikuwa na swali aliloliandika Elius kwanza. Liliandikwa hivi: mama anakohoa kila akipiga dawa viazi, nifanye nini. Lile bomba la dawa nalibeba mgongoni kule shambani Uwemba, na nilikuwa nikidhani Elius hasikii kifua changu. Droni ilikuwa ya hilo. Mimi nililiona swali lile, nikalipita, nikaenda kusimama jumuiyani kuombea ndege.

Alhamisi hii iliyopita nimesimama tena. Nilisema hakuna Mjerumani, hakuwahi kuwapo, nimemtunga kwa majivuno. Nilitegemea watanicheka. Mzee Filemoni aliinamisha kichwa. Mama Judith akauliza kwa huruma kabisa huyo Mjerumani amekufa lini. Nikarudia kwamba hakuwapo, na mwingine akasema tuiombee familia yake. Dada, kofia ya lumbesa ukishaishona, kuifumua ni kazi nyingine. Nitasimama tena Alhamisi ijayo, na tena, hata jogoo atakaponadiwa.

Simu nimeiweka kabatini, nitamrudishia mwenyewe. Elius yuko sebuleni sasa hivi, nimemwita kutoka Makambako kwa kisingizio cha mchicha. Anakunywa chai, hajui kitu. Sitamweleza kwa mdomo. Nitamsomea barua hii jinsi ilivyo, kwa sababu nikiwa na karatasi mbele yangu siongezi. Halafu nitaifunga, na kama atakubali, ataileta kwa mkono wake. Akikukabidhi yeye, ujue ameisikia yote. Mkaribishe au usimkaribishe, ni haki yako, lakini naomba Vitus atoke nje amwone. Na umwambie Vitus kwamba alipima sawasawa, hakukosea hata punje. Aliyepaswa kuinua mkono na kusema, Ni mimi, alikuwa anapuliza moto. Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja mwenyewe baridi ikipungua na goti lako likiniruhusu, maana najua utataka kusimama unaponisema.

Nisalimie Baba Vitus, nisalimie Conjesta na aliye tumboni au mkononi. Wasalimie na jirani zako walionijua kwa kelele. Mungu awatunze ninyi na ziwa lenu.

Ni mimi dada yako mwenye mdomo mkubwa,
Esnath, Mama Elius.

Naongeza kidogo kabla ya kufunga. Nimemsomea. Hakuinua macho mpaka nikamaliza na salamu. Nilingoja anigombeze. Aliniuliza kama bado nakohoa. Nikasema kidogo. Kisha akauliza gari la kwanza la Ludewa linaondoka saa ngapi.